Daftari, kichupa cha mate au daktari: mguu wa kurithi uupime kwa kipi?

Kwetu mtoto mchanga hukaguliwa miguu kabla hajapewa jina. Mkaguzi ni shangazi. Huifunua kanga upande wa chini, akaushika unyayo wa kushoto, akavitenganisha vile vidole kama anayechambua njegere, halafu akatoa hukumu: "Wa kwetu huyu." Anachotafuta ni kidole cha pili na cha tatu vilivyoungana, ngozi moja imevifunika mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Babu alikuwa navyo, baba anavyo, mimi ninavyo miguu yote miwili.

Udogoni havikunisumbua ila mahali pamoja tu, madrasa, kwa sababu viatu huvuliwa mlangoni. Huko niliitwa Bata mpaka nilipohitimu. Siku tuliyofundishwa udhu, ilipofika zamu ya kupitisha kidole kidogo cha mkono katikati ya vidole vya miguu, nilikwama. Mwalimu akainama, akatazama, akasema palipoungana kwa maumbile hapapasuliwi, osha juu na chini, inatosha. Darasa zima likataka kuja kuona. Ndala na makubadhi havina neno, maana ukanda hupita kati ya dole gumba na kidole cha pili, na hapo niliachiwa nafasi yangu. Soksi zile za vidole vitano za wakimbiaji ndizo zilizonishinda.

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Ohio alinitumia picha ya kisanduku cha kupimia vinasaba kwa mate, kimepunguzwa bei. Chini yake akaandika: "Ndugu yangu, tuitafute jeni ya bata." Alikuwa tayari kununua viwili na kuja na kimoja likizo. Mwezi uleule mwenzangu kazini, ambaye nyayo zake zimejipinda juu kama tao la daraja, alitumwa na daktari wake akafanye kipimo cha vinasaba cha hospitali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza njia ya tatu, ile isiyo na tangazo wala punguzo: daftari la ukoo. Nikajikuta nazilinganisha njia tatu kwa miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ni mguu gani?

Watu huanza na bei. Mimi nasema anza na mguu wenyewe, kwa sababu miguu ya kurithi haifanani na kipimo kinachoufaa mmoja ni hasara kwa mwingine.

Vidole vya pili na vya tatu vilivyoungana, kama vyangu, ndivyo vyepesi kuliko vyote. Wiki sita hivi baada ya mimba kutungwa, mguu wa mtoto tumboni huwa kama kafi la ngalawa, bapa, bila vidole. Katika wiki mbili zinazofuata, seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa mpangilio, na vidole hubaki vimeachana. Kazi hiyo ikiishia njiani, utando unabaki. Ndio hivyo tu. Mifupa mizima, mwendo mzima. Daktari wa upasuaji anaweza kuvitenganisha na kupandikiza ngozi, ila kwa mguu usiouma wengi hawaoni sababu ya kushika kisu, nami ni mmoja wao.

Kidole cha sita upande wa kidole kidogo nacho ni cha ukoo, na huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Kikija peke yake huwa hakina kishindo. Bibi zetu walikifunga uzi kikakauka kikaanguka. Wengine walibaki na kinundu, wengine kidonda kikaoza. Siku hizi mpelekee daktari aangalie kama ndani yake mna mfupa kabla ya mtu yeyote kushika uzi.

Kidole cha pili kirefu kuliko dole gumba hakistahili hata aya nzima. Ni umbo tu.

Mguu unaotaka uangalifu ni ule wa mwenzangu. Upinde wa unyayo uko juu sana, vidole vimejikunja kama makucha, na mwenye mguu hujikwaa mahali ambapo hapana jiwe. Loweka mguu kwenye maji ukanyage sakafu kavu ya saruji: kama alama ya kisigino na ya mbele zimeachana kabisa, hakuna kinachoziunganisha, na baba yako au mama yako naye anakanyaga hivyo, kisha kifundo cha mguu kinakuteguka kila mara, usiishie kwenye udadisi. Mwaka 1886 Wafaransa wawili, Charcot na Marie, na Mwingereza Tooth, walieleza ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoanzia miguuni namna hiyo, na hadi leo unaitwa kwa majina yao matatu. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,500. Si nadra hata kidogo kwa ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia. Kwetu mgonjwa wake huambiwa ana miguu mibovu kama ya baba yake, na maneno yanaishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote jiulize unataka kujua nini. Kwa nini mguu uko hivi? Mwanangu ataupata? Au nyuma yake kuna ugonjwa? Kila swali lina mlango wake.

Daftari

Nimelinunua shilingi elfu mbili. Gharama kubwa ilikuwa vocha na nauli ya kwenda kwa wazee.

Anayeidharau njia hii hajasikia habari za Berlin. Katikati ya karne ya 18 mwanasayansi Mfaransa Maupertuis alikuwa anaishi huko, akamfuatilia daktari mmoja wa upasuaji aliyeitwa Jacob Ruhe, aliyekuwa na vidole sita kila mkono na kila mguu. Ruhe alivirithi kwa mama yake, naye mama alivirithi kwa mama yake. Mama yake Ruhe alizaa watoto wanane na mume mwenye vidole vya kawaida, na wanne kati ya wanane walitoka na vidole sita. Nusu kamili. Mwaka 1752 Maupertuis alichapisha hesabu zake: Berlin ina watu 100,000, tuseme wenye vidole sita ni mmoja kwa kila 20,000, basi vidole hivyo kujirudia mara tatu mfululizo katika ukoo mmoja kwa bahati tu ni nafasi moja kati ya 8,000,000,000,000. Akahitimisha kwamba si bahati, ni urithi, na unapita kwa baba na kwa mama pia. Hakuwa na darubini ya jeni. Mendel alikuwa bado kuzaliwa kwa miaka 70. Alikuwa na kalamu na watu waliokubali kuulizwa kuhusu miguu yao.

Mimi sikuwa na Berlin, nilikuwa na shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo daftari? Umekuja kunisalimu au kunipeleleza?"

Nilimwomba anitajie watu wote wa upande wa babu anaowakumbuka, na kwa kila mmoja vidole viko vipi: vimeungana au la, mguu upi, mpaka wapi. Hili la mwisho usilisahau. Kwa wengine utando ni mdogo kiasi kwamba wenyewe hawajui, mpaka umwambie atanue vidole. Binamu wa Ohio, aliyejiona hana, alipopiga picha mguu wa kulia tukaona anao. Tulifika watu 34 katika vizazi vinne. Nilipowahesabu watoto wa waliokuwa navyo peke yao, 11 kati ya 23 walikuwa navyo. Karibu nusu, kama kwa mama yake Ruhe.

Maana ya nusu hiyo ni kwamba nakala moja ya jeni yenye badiliko inatosha kuunganisha vidole, na mzazi huwa na nakala mbili, humpa mtoto moja tu. Kila mtoto ni shilingi inayorushwa upya. Si kwamba wa kwanza akikosa, wa pili atapata. Shilingi haikumbuki.

Halafu tukafika mahali ambapo shangazi aliacha kutaja majina. Baba mdogo alipopata mtoto wa kwanza, ukaguzi ulifanyika kama kawaida, na vidole vikaonekana vimeachana. Hakuna aliyesema neno mbele ya mama mdogo. Nyuma yake yalisemwa kwa miaka 20. Mtoto yule alikua akijua kwamba kuna jambo juu yake, asijue ni jambo gani. Nilimwonyesha shangazi ukurasa: babu mwenyewe alikuwa na ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja wasiokuwa navyo. Nikamwonyesha na bibi mkubwa, dada yake babu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeachana vizuri, lakini binti yake akatoka bata kama mimi. Jeni imepita kwake kimya kimya, ikajionyesha mbele. Ikiwa mwenye jeni anaweza kuwa na mguu wa kawaida, na mwenye vidole vya kuungana anaweza kuzaa asiye na jeni kabisa, basi mguu wa mtoto haushuhudii lolote dhidi ya mama yake. Shangazi aliutazama ule ukurasa muda mrefu. Akasema tu, "Hebu nipe chai."

Hiyo ndiyo sababu naliweka daftari mbele ya njia zote kwa mguu kama wangu. Limejibu swali la mtoto, kwamba uwezekano ni karibu nusu kwa nusu, na hakuna maabara ambayo ingenipa namba nzuri kuliko hiyo. Limejibu na swali ambalo sikuwa nimeuliza. Upungufu wake ni kwamba haliwezi kukwambia ni jeni ipi, na kama wazee wamekwisha, au ulilelewa mbali na ukoo wa baba, kurasa zitabaki nyeupe. Pia ni mali ya watu wote walioandikwa humo. Usilipige picha ukalitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Kichupa cha mate

Sasa kisanduku cha binamu. Unatema mate mpaka kwenye mstari, unafunga, unatuma kwa posta, unasubiri wiki kadhaa. Bei huzungukia dola 100, ikishuka chini ya hapo wakati wa punguzo. Kwa aliyeko Marekani, Uingereza au Kanada ni jambo la dakika tano. Aliye Tanga, Kisumu au Bujumbura kwa kawaida atahitaji ndugu wa kumletea na kurudi nacho. Na kwa Tanzania kumbuka kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Kubeba sampuli za watu mkobani kwenda nje si sawa na kubeba pakiti ya karafuu.

Kinachosomwa ni nini? Vinasaba vya binadamu ni herufi kama bilioni 3. Kipimo hiki hugusa sehemu laki sita au saba hivi zilizochaguliwa mapema. Ni kama kupewa kitabu kikubwa ukasoma herufi moja, ukaruka kurasa mbili, ukasoma nyingine. Kwa kufuatilia asili na ndugu inatosha, kwa sababu herufi zilizochaguliwa ni zile ambazo watu wengi hutofautiana. Kwa badiliko la nadra lililo katika ukoo mmoja wa Tanga, uwezekano wa kuangukia herufi hiyo hasa ni mdogo.

Kibaya zaidi kwa sisi mabata: hata maabara ikisoma kila herufi, kwa aina hii ya kawaida ya vidole viwili kuungana, watafiti wameonyesha eneo katika kromosomu ya 3 (kromosomu ni vifurushi vya vinasaba ndani ya seli) lakini jeni yenyewe haijathibitishwa. Kwa aina nyingine, ile inayounganisha vidole na kuongeza kimoja katikati, jeni inajulikana tangu 1996, inaitwa HOXD13. Yetu bado. Binamu alikuwa analipia jibu ambalo halipo kwa muuzaji.

Jibu lililopo ni la miguu mingine. Kampuni ya 23andMe, kwa mfano, hukutabiria kama kidole chako cha pili ni kirefu kuliko dole gumba, na kama una uwezekano wa kuota kile kinundu cha mfupa pembeni mwa dole gumba. La kwanza unaweza kulipata kwa kuvua kiatu. Na utabiri wenyewe umejengwa kwa majibu ya wateja, wengi wao wa asili ya Ulaya, kwa hiyo kwa mguu wa Mdigo au Mluo unayumba zaidi.

Kuna wanaochukua faili ghafi la matokeo na kulipeleka kwenye tovuti nyingine zinazodai kuchambua magonjwa. Hapo nasema hapana moja kwa moja. Mwaka 2018 maabara moja ya Marekani ilichapisha matokeo ya kuyapima upya mabadiliko yaliyoripotiwa katika mafaili ya namna hiyo, na asilimia 40 hayakuwepo. Mtu anaweza kulala na hofu ya ugonjwa asiokuwa nao, au, kama mwenzangu angefanya hivyo, kupumua kwa uongo, kwa sababu badiliko linaloonekana zaidi kwenye ugonjwa wa mguu kama wake ni kipande kizima cha kromosomu kilichonakiliwa mara mbili, na kipimo hiki hakikuundwa kuripoti hilo.

Bado hatujataja siri. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja milioni 6.9 wa kampuni hiyo hiyo. Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi, na mali zake, zikiwemo taarifa za wateja, zikauzwa kwa dola milioni 305 kwa taasisi isiyo ya faida inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wake. Labda zimefika mikono salama. Ninachotaka uone ni kwamba mate uliyoyatema kwa udadisi wa kidole yanaweza kuwa mali inayopigiwa bei mahakamani. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zinaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi nyeti, lakini seva iko ng'ambo. Marekani kwenyewe, sheria ya 2008 inamzuia mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa vinasaba. Bima ya maisha haimo.

Na kuna lile la mama mdogo. Kichupa hiki hukupangia ndugu kwa asilimia. Ukoo ambao umeshawahi kunong'ona juu ya mtoto, ukiingiza watu wanne kwenye hifadhi hiyo, unaweza kuletewa jibu ambalo hakuna aliyeliuliza na hakuna aliyejiandaa kulipokea. Nilimwambia binamu: ukipima wewe umetupima na sisi kidogo, hata tusipotema.

Kwa haki, kina faida yake. Mjukuu wa mtu aliyehamia Muscat, au aliyezaliwa Ulaya bila kumjua baba, anaweza kupata jina la binamu ambalo hakuna daftari lingempa. Hiyo ni kazi kubwa. Ila si kazi ya mguu.

Daktari na kipimo cha kliniki

Mwenzangu alianza kwa daktari wa mishipa ya fahamu, naye hakukimbilia vinasaba. Alimwambia atembee kwa visigino, hakuweza. Alimgonga goti na kisigino kwa nyundo ndogo. Kisha akampima kasi ya umeme kwenye mishipa ya miguu na mikono, kipimo kinachochoma kidogo kama siafu. Mishipa ilipeleka taarifa polepole kupita kiasi. Hapo tu ndipo ilipofika zamu ya jeni, na daktari alishajua pa kuanzia: kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya PMP22. Tangu 1991 inajulikana kwamba nakala ya ziada ya kipande hicho ndiyo chanzo cha aina iliyo ya kawaida kuliko zote ya ugonjwa huu.

Hii ndiyo tofauti kubwa na kichupa. Kichupa huvua kwa juya, kinachonasa ndicho unacholetewa. Kliniki huvua kwa mshipi, mahali ambapo samaki ameonekana.

Damu hutolewa kijichupa kimoja, na mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo hesabu wiki kadhaa, pengine miezi. Gharama ni dola mia kadhaa kwa kundi la jeni, pungufu ikiwa inaangaliwa jeni moja, na juu yake kuna ada ya daktari na kile kipimo cha umeme. Ulizia bima yako kabla, kwa maandishi. Mwenzangu alijibiwa kwa simu kwamba atalipiwa, na alipofika dirishani akaambiwa vingine.

Mambo mawili ambayo alitamani angeambiwa mapema. Anayepimwa kwanza awe yule mwenye mguu wenye tatizo, si ndugu mzima mwenye wasiwasi. Ukimpima mzima akakosa badiliko, hujui kama amenusurika au maabara haikuliona la ukoo wenu. Likishapatikana kwa mgonjwa, kuwapima wengine huwa rahisi na rahisi kwa bei pia, maana maabara inatafuta kitu kimoja kinachojulikana.

Pili, majibu si mawili, ni matatu. Lipo, halipo, na "limeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana." Hilo la tatu hutupata Waafrika mara nyingi zaidi, kwa sababu vitabu vya kulinganishia vimejazwa na vinasaba vya watu wa asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi kuliko bara lolote. Herufi ya kawaida kabisa ya pwani yetu inaweza kuonekana ngeni maabara. Jibu la namna hiyo si ugonjwa. Usimpigie mtu simu ukilia. Mwulize daktari kama maabara hulipitia upya baada ya miaka.

Kwa mwenzangu badiliko lilipatikana. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu hakuna, na aliyekupa ahadi hiyo anakuuzia kitu. Alichopata ni viatu vyenye kushika kifundo, mazoezi ya kulinda misuli ya ugoko, na kadi ndogo anayoiweka kwenye pochi. Kadi inasema asipewe vincristine. Hiyo ni dawa ya saratani inayoweza kumwangusha vibaya mwenye mishipa kama yake, na kuna watu waliogundua ugonjwa wao wa miguu kwa njia hiyo mbaya. Kwa kadi hiyo pekee, nadhani fedha yake ilirudi. Kaka yake aliyekuwa anaitwa mlevi kwa kuyumba naye amepimwa.

Mwanawe wa miaka sita anakimbia vizuri, na bado hajapimwa. Daktari alishauri wamfuatilie kwa macho, na mtoto akiwa mkubwa aamue mwenyewe, kwa kuwa leo hakuna tiba ambayo angekosa kwa kusubiri. Nilidhani mama wa mtoto angegoma. Alishukuru.

Je, mguu wa bata uende kliniki lini? Vidole vilivyoungana vikija na jambo lingine: mikono nayo imeungana, mtoto hakui vizuri, hanyonyi, ana tatizo la moyo. Upo ugonjwa nadra, Smith-Lemli-Opitz, ambao mwili hushindwa kutengeneza kolesteroli ya kutosha, na moja ya alama zake ni kidole cha pili na cha tatu kuungana. Ila mtoto huyo haji na vidole peke yake. Daktari wa watoto ataona mengine. Mtoto mnene anayenyonya na kulia kwa nguvu, mwache na miguu yake.

Kusoma vinasaba vyote, herufi bilioni 3, kupo na bei imeshuka sana tangu mradi wa kwanza wa dunia ulipomalizika 2003. Kwa mguu mmoja ni kuita jahazi kuvuka mfereji. Ni kwa ukoo ambao kliniki imeshatafuta ikakosa.

Tulipofikia

Mimi nilibaki na daftari. Mwenzangu ana faili lake la hospitali, na kwa mguu wake nisingemshauri vingine. Binamu alinunua kisanduku kimoja, chake peke yake, baada ya kumwuliza mama yake na kuzima ile sehemu ya kuonyeshwa ndugu. Matokeo yalisema huenda dole gumba lake ni refu kuliko kidole cha pili. Akatuma picha ya mguu wake pembeni ya simu. Kweli ni refu. Juu ya vidole viwili vilivyoungana pembeni yake, ripoti haikuwa na neno.

Mwezi uliopita binti wa mama mdogo alijifungua. Shangazi alifika wa kwanza, akafunua kanga kama kawaida yake, akashika unyayo wa kushoto, kisha wa kulia. Vidole kumi, vyote vimeachana. Chumba kikanyamaza kidogo, mama mdogo akiwa amekaa palepale kitandani. Shangazi akamfunika mtoto, akanigeukia.

"Daftari umekuja nalo? Andika: vimeachana. Namba ngapi huyu?"

"Wa 35, shangazi."